Sharubu za Vendel

"Vendel, nyoa hizo sharubu."

Sharubu, fahari ya kila mwanamume wa mji wetu wa Szeged! Lakini aliyeniomba ni Etelka, nyota wa jukwaa letu, na alikuwa analia.

"Masikio yangu yamekufa," akasema. "Wakijua, nimekwisha. Nataka niisome midomo yako."

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kishimo mbele ya jukwaa, kuwanong'oneza waigizaji maneno yao. Nikanyoa. Sokoni wakanicheka, "Bibi harusi kapita!" Sikujali. Nilimpenda. Miaka mitatu akaigiza akiitazama midomo yangu, na watazamaji wakadhani yale macho ya chini ni madaha. Mwaka 1911 tukavishana pete za uchumba.

Ndipo akaja Bwana Lábass, mkurugenzi wa jumba moja la maigizo kule Pest, jiji kuu.

"Unakwenda?" nikamuuliza Etelka.

"Pest, Vendel! Nimeingoja tangu utotoni."

"Na mimi?"

"Wana mnong'onezaji wao. Na Lábass anasema nyota hachumbiwi na mtu wa shimoni."

"Anasema yeye, au wewe?"

Akavua pete, akaiacha mezani.

Niliumia, sitajidai. Nikaziacha sharubu ziote, nikazipaka nta mpaka zikasimama. Wiki ya sita ikaja telegramu:

"Mnong'onezaji wa huku ana sharubu nzito. Sioni neno. Onyesho la kwanza Jumamosi. Nisamehe. Njoo. Etelka."

Mama akaisoma begani kwangu.

"Kakutupa kama ganda la muwa, leo anakuita ukimbie?"

"Siendi, mama."

"Mwanangu, sikusema usiende."

Kiburi kikanikaza. Jumamosi ikapita nikiwa nimelala kitandani na viatu. Jumapili gazeti likasema Etelka alisimama kimya sehemu ya pili, akazomewa mpaka pazia likashushwa.

Nikanyoa harakaharaka, nikapanda garimoshi la Pest. Nilimkuta katika chumba cha kupanga, anafunga sanduku. Akanisogelea, akanigusa juu ya mdomo. Palikuwa na mkwaruzo mbichi wa wembe.

"Umenyoa lini?"

"Leo asubuhi."

"Telegramu ilifika lini?"

Ningeweza kudanganya.

"Alhamisi."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Nilikukosea, Vendel, lakini niliomba. Wewe ulijua watanizomea, ukakaa."

"Etelka, nisamehe. Nakupenda. Nili..."

Akafumba macho, asinisikie.