Mlango wa Nyuma wa Gari la Alphonse

Mlango ulifungwa, ukarudi. Basi, kosa lenyewe lilikuwa hilo tu. Barthélemy aliusukuma kwa nyonga, kama wafanyavyo mafundi wa mtaa wa Kikula, mjini Likasi, wakiwa na mikono michafu, nao ukaenda mpaka kwenye nguzo, ukagota kitu laini, ukamrudia taratibu. Akainama atazame kama kuna mkanda ulionaswa, au pindo la kitenge. Hakukuwa na kitu.

"Ilianza lini hii, Papa Alphonse?"

"Haina siku mingi. Tengeneza tu, Papa Sephora. Bwana asifiwe, weye uko fundi."

Alphonse alikuwa shemasi, na kinywa chake kilijaa haleluya kiasi kwamba ukweli haukupata nafasi. Siku za kazi alibeba abiria kati ya Kakanda na Likasi. Jumapili hii alikuwa amekubali kumpeleka Sephora, binti pekee wa Barthélemy, shuleni Mulungwishi, kwani kesho yake asubuhi mtihani wa mwisho wa sekondari ulikuwa unaanza, na asiyekuwepo amepoteza mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: kwanza huo mlango ushike. Hakuna baba anayemweka mtoto wake kando ya mlango unaofunguka barabarani.

Barthélemy akaanza kazi jinsi inavyotakiwa. Kwanza kitasa: akaisukuma ndoano yake kwa bisibisi, ikazunguka na kushika, akavuta mkono wa mlango, ikaachia. Kitasa kilikuwa kizima. Akakiosha kwa petroli hata hivyo, akatia mafuta. Akaunyanyua mlango kwa mikono miwili aone kama bawaba zimelegea, hazikulegea. Akabaki na kile chuma kilichopinda cha kwenye nguzo, ambacho ndoano hukikumbatia na mafundi hukiita gâche. Akalegeza skurubu zake, akakisogeza nje kidogo, akakaza.

Akafunga. Ukarudi.

Akafunga kwa nguvu. Ukarudi, na safari hii akasikia pumzi, kama mtu anayevuta hewa kwa meno yaliyobana. Akajiambia ni mpira wa mlango umekauka. Akaupaka sabuni, akafunga tena, akafungua, akatazama, akafunga. Alifanya hivyo asubuhi nzima bila kuchoka, maana hakuwa mtu wa kushindwa na bati, na kila alipobamiza, harufu ilizidi: harufu ya matope ya mtoni pale wanawake wanapooshea mawe ya shaba, na ndani yake kitu kingine chenye chumvi.

Mwishowe akatumia ujanja wa kila fundi wa milango. Alipaka grisi nyeusi kwenye ukingo wa mlango, kutoka juu hadi chini, ili akiubamiza aone umegonga wapi. Akabamiza kwa bega. Akafungua.

Grisi ilikuwa imefutika mahali pamoja tu, sentimita chache juu ya kitasa. Alama zilikuwa nne, zimepangana, ile ya mwisho ndogo kuliko nyingine. Barthélemy akaweka vidole vyake mwenyewe juu yake bila kugusa, navyo vikalingana, ila vya kwenye grisi vilikuwa vyembamba, vya mwanamke.

"Papa Alphonse," akasema polepole, "kuya uone. Kisha uniambie ile yenye ulinificha."

Alphonse alitazama, akaketi juu ya tairi kuukuu. Akaongea akiitazama ardhi.

"Ni ku Kakanda. Shimo iliangukia bacreuseurs, bale benye kuchimba shaba. Kulikuwa mama moja wa kuosha mawe, bwana yake balimutosha mule akiwa na damu yote. Akanilomba nibabebe mpaka hôpital. Minye nikaona viti yangu, niliifunika na housse ya mupya..." Akafuta vumbi kwenye goti. "Alishika mulango. Nikaambia muntu mwenye kuikala nyuma avute. Akavuta. Nikaendesha."

"Na mikono yake?"

"Ilibakia mu mulango, Papa Sephora. Alikimbia kidogo. Alafu hakukimbia tena."

Kwa hiyo asubuhi nzima alikuwa akivunja vidole vya mtu. Barthélemy aliiona mikono yake mwenyewe, akaichukia. Lakini tusimpambe: jambo la pili lililomjia kichwani halikuwa yule mwanamke. Lilikuwa saa. Sephora alikuwa akipiga pasi sare yake, na Mulungwishi hakuwezi kusogezwa karibu.

"Tuite Maman Élysée," akasema.

"Ndiyo, lakini usimwambie ile ya Kakanda!" Alphonse akamshika mkono. "Bataniondoa ushemasi. Sema ni pepo ya barabara tu. Nakulomba."

Barthélemy akakubali. Ndivyo wanaume wawili wazima walivyopatana juu ya maiti ya mtu.

Maman Élysée, mwombezi wa mtaa, alifika na kitambaa cheupe kichwani na chupa ya mafuta ya upako. Hakuwa tapeli. Aliomba kwa moyo, akafunga kwa moyo, na wengi walikuwa wamepona mikononi mwake. Kama angeambiwa ukweli pengine angemfanya Alphonse apige magoti. Aliambiwa ni pepo, basi akafanya kama inavyofanyiwa pepo, na kila mtu Kikula anajua: unafungua milango yote wazi, ili mchafu apate pa kutokea.

"Funguleni yote! Ile ya nyuma nayo, mpaka mwisho!"

Wakafungua. Akaweka mkono juu ya bati, akapaza sauti: "Weye mwenye kushika hii mulango, achia! Nasema achia! Ondoa mikono yako!"

Upepo ukakoma, kuku wa jirani wakanyamaza, na Barthélemy, aliyekuwa amesimama karibu na gurudumu la nyuma, akaliona gari likishuka kidogo upande ule, taratibu, kama lishukavyo mtu mzima anapoingia na kukaa, kisha akaona kiti cha Alphonse chenye housse mpya kikibonyea na kubaki kimebonyea, na ile harufu ya matope iliyokuwa nje tangu asubuhi ikahamia yote ndani ya gari. Pepo anafunguliwa mlango atoke, ni sawa, lakini huyu hakuwahi kuwa ndani, alikuwa nje akiomba kuingia, na wao watatu walikuwa wamemfungulia.

"Amekwenda," Maman Élysée akasema, jasho likimtiririka. "Funga sasa."

Barthélemy alifunga kwa kidole kimoja. Mlango ukashika vizuri kuliko siku ulipotoka kiwandani.

"Haleluya!" Alphonse akalia machozi ya furaha.

Georgette, mke wa Barthélemy, akatoka na sanduku la mtoto, na Sephora nyuma yake, shati jeupe, sketi ya bluu, kalamu mbili mfukoni. "Angalia baba yako," Georgette akasema kwa majivuno, "hakuna mulango yenye inamushinda." Barthélemy akafungua kinywa. Angesema nini? Kwamba wameficha kifo? Kwamba mtoto abaki, mwaka upotee, kwa sababu ya kiti kilichobonyea? Akajiambia ni springi zimechoka. Akajiambia mtu aliyepata alichotaka hana ugomvi tena. Sephora akaingia nyuma, akakunja pua kidogo, akampungia mama yake. Baba mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango.

Jua lilikuwa bado juu simu ilipolia. Barthélemy alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga, ananawa tena na tena, na Georgette alikuwa jikoni akisonga bukari.

"Papa." Sephora alikuwa ananong'ona. "Papa Alphonse ameshuka. Aliangalia nyuma mu kioo, akasimamisha motokari, akakimbia mu majani."

"Muko wapi?"

"Sijue. Papa, kuko mama moja huku. Tangu Likasi alikuwa chini, ku miguu yangu, nilizania ni muzigo. Sasa ameikala."

"Shuka! Fungua mulango ushuke!"

"Navuta, inakataa." Sauti yake ikasogea mbali na simu, ikarudi. "Papa, anauliza kama ni weye ulikuwa unapiga mulango asubuhi yote. Nimujibu nini?"

Barthélemy aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, sabuni ikichuruzika.

"Papa? Nimujibu nini?"

Kisha akasikia kitasa kikiachia, na upepo wa barabarani ukiingia kwenye simu, na mtoto akilia kwa furaha, "Imefunguka! Papa, imefunguka, natoka!" na mara moja akamwona kichwani mwake kama vile yuko mbele yake, anajivuta atoke upesi, mkono umeshika ukingo wa mlango, sentimita chache juu ya kitasa, pale pale kila mtu anaposhika, akapiga kelele, "Usishike pale! Sephora, usishike!" lakini mlango ulikuwa umeshabamizwa, na kilio alichokisikia hakikuwa na maneno ndani yake. Ukafunguliwa. Kimya kifupi, cha mtu anayetazama amegonga wapi. Ukabamizwa tena. Ukafunguliwa.

Georgette akatoka jikoni akifuta unga mikononi, anatabasamu.

"Ni mutoto? Bamefika? Nipatie na minye nimusalimie."

Barthélemy alitaka kukata simu, lakini vidole vyenye sabuni viliteleza. Mke wake akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka sikioni.