Gauni Lililorudi Limepigwa Pasi

Gauni lilirudi likiwa limepigwa pasi, na hapo tu Bernardine alipaswa kushtuka. Mteja anayerudisha nguo haipigi pasi. Huisokomeza kwenye kaveera ya plastiki kwa hasira, akampa dereva wa taksi, na matusi yakafika Nakivale kwa WhatsApp kabla gari halijatoka Mbarara. Hili lilikuja limekunjwa kwa adabu, mikono yake imekutanishwa kifuani. Lilinukia sabuni, na chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, kali na baridi, kama dawa ya hospitali. Bernardine alilinusa, akasema moyoni kwamba watu wa mjini wana sabuni za ajabu, akalitundika ukutani.

Alikuwa mjane kutoka Burundi, akiuza mitumba kwa simu katika chumba chake nyuma ya soko la Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Binti yake wa pekee, Inès, ndiye aliyekuwa tangazo. Kila nguo aliivaa yeye kwanza, akasimama mbele ya turubai, mkono kiunoni, akapigwa picha. Tuseme ukweli, wateja wengi walinunua umbo la Inès, nguo ikaja kama nyongeza, na ugomvi ulianza pale walipojitazama kwenye kioo. Bernardine aliuzoea ugomvi huo. Alikuwa na jibu kwa kila lalamiko, na ulimi wa kulifikisha.

Mnunuzi wa gauni hili la satini ya kijani alikuwa Diane, mkazi wa Kakoba, mjini Mbarara. Alituma ujumbe mfupi wa sauti. "Nyabo, hii gauni iko kadogo. Zipu inakataa. Rudisha pesa yangu."

"Saizi ulitaja wewe mwenyewe, na utepe nikakuonyesha," Bernardine alimjibu. "Kama mwili umeongezeka, kosa si langu."

Diane alibandika picha ya Bernardine kwenye kundi la WhatsApp la wanunuzi, na chini yake neno moja: MWIZI. Muuzaji akiitwa hivyo kwenye kundi lile, basi afunge virago, maana hakuna atakayemuuliza bei tena. Bernardine akafanya wanavyofanya wauzaji wa Nakivale wakibishiwa saizi: akamwita binti yake alivae, ili watu waone kwa macho yao.

"Mama, inanuka," Inès alisema.

"Vaa kidogo tu nikufilme, halafu uvue."

Zipu ilipanda mgongoni bila kukwama. Inès akageuka huku na huku, akatabasamu, video ikaenda. Kundi zima likamgeukia Diane kwa vicheko. Naye akaandika: "Banange, nani amevaa hiyo gauni? Avue. Avue sasa hivi!" Kisha simu yake ikazimwa.

Bernardine alicheka kwa ushindi, akaweka simu chini amfungulie binti yake zipu.

Zipu haikushuka. Alivuta kwa vidole, akapaka sabuni, akapaka nta ya mshumaa, akaazima koleo kwa fundi wa baiskeli wa jirani, na koleo likateleza. Jua la mchana lilichoma mabati, lakini Inès alianza kutetemeka, midomo ikapauka.

"Mama, nivue. Nasikia baridi mingi."

"Tulia, nakata. Gauni si kitu."

Akachukua mkasi, akaingiza ncha kwenye mshono wa ubavuni, akakata. Inès alipiga kelele ambayo Bernardine hakuwahi kuisikia tangu siku alipomzaa, na pale mkasi ulipopita damu ilichuruzika kutoka kwenye kitambaa chenyewe. Aliutupa mkasi. Aligusa ukingo wa gauni shingoni, akatafuta mahali satini inapoishia na ngozi inapoanzia, na hakupapata. Kisha akasikia zipu, ambayo ilikwisha kufika juu kabisa, ikiendelea kupanda, krr, krr, jino baada ya jino, kana kwamba kuna mgongo mwingine ndani ya mgongo wa mwanawe, na tumbo la Inès likaanza kujaa, na mashavu yake yakaanza kujaa, na ile harufu ya dawa ikatoka sasa mdomoni mwake, ikaenea chumba kizima hadi Bernardine akashindwa kuvuta pumzi, akakimbilia nje akilia kama mtoto.

Alimleta Mama Constance, Mkongomani wa Kivu aliyeongoza chumba cha maombi karibu na soko. Mama huyo alizoea kuingia akiimba. Safari hii alifika mlangoni, akaziba pua kwa kitenge chake.

"Niko nasikia arufu ya morgue," alinong'ona. "Bernardine, hii nguo ilivaliwaka na mufu. Nani alikurudishia?"

Walimpigia Diane tena na tena, hata akashika. Alilia kabla ya kuulizwa.

"Ilikuwa gauni ya kuhingira ya dada yangu. Ile siku ya kumuaga nyumbani, aende kwa bwana. Akakufa siku chache mbele ya sherehe. Tukamuvalisha mochari. Lakini mwili imevimba, zipu inakataa. Tukamutoa gauni mbele ya watu, tukamuzika na shuka. Nyabo, niliona haya kukuambia. Nilifua. Nilipiga pasi."

Simu ikamponyoka Bernardine. Alikumbuka alivyomjibu yule mwanamke kuhusu mwili ulioongezeka, na aibu ikamchoma.

Mama Constance alipiga magoti, rozari ya Bernardine mkononi. "Ongea, weye. Unatoka fasi gani? Unataka nini kwa huyu mutoto?"

Inès alifumbua macho. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mbarara.

"Gauni ni yangu. Walinivua mbele ya watu."

"Tutalileta kaburini kwako," Bernardine alisema. "Leo hii. Kwa miguu nitalileta."

"Lete. Vile liko. Na mwenye yuko ndani."

"Huyu hana kosa! Hakutaka hata kulivaa!"

"Bwana alingoja bibi arusi. Nitaenda kwake na mwili wa nani?"

Pumzi ya Inès ilikuwa imebaki ndogo, ikipita kwa mluzi. Bernardine alimwangalia mtoto wake, ambaye alivuka naye mpaka wa Burundi akiwa amembeba mgongoni, na hofu yote ikamtoka, akabaki na huzuni tu.

"Mimi ndiye niliyemvisha," alisema. "Nichukue mimi."

"Hapana, mama!" Constance alimziba mdomo. "Usiseme vile, atakubali!"

Zipu ilishuka yenyewe mpaka chini. Inès alianguka kutoka ndani ya gauni kama mtu anayetolewa majini, ubavu unavuja damu, lakini anapumua. Mama Constance alimfunika kwa kitenge, akamburuta nje, akisali kwa sauti iliyokatikakatika. Mlango ukajifunga nyuma yao, Bernardine akabaki ndani. Wakiwa nje walisikia satini ikisuguana, na zipu ikipanda polepole, bila kukwama, kwenye mwili wa mwanamke aliyekuwa mnene mara mbili ya binti yake.

Inès alijikokota, akaupiga mlango kwa viganja. "Mama! Mama, fungua!"

Mlango ulifunguka. Bernardine alitoka amenyooka, gauni la kijani limemkaa kama lililoshonwa kwa ajili yake, mikono ameikutanisha kifuani. Inès alimkumbatia miguu. Yule mwanamke aliinama, akamwachanisha vidole kimoja kimoja, taratibu, bila ukali, kama unavyomwondoa mtoto wa mtu usiyemjua.

"Binti," alimuuliza, "taksi ya Mbarara inapakia wapi? Kwetu wananingoja."