Makopo Ishirini ya Mama Marceline

Ko, ko. Jogoo walikuwa bado hawajawika, na tayari kibuyu kilikuwa kikigonga ukingo wa mtungi nje ya mlango. Wivine alivuta blanketi hadi puani. Kwa siku tisa alizokaa kijijini alikuwa amekwisha kuizoea sauti hiyo. Ni bibi yake Germaine, ambaye wajukuu wote walimwita Kambo, akichota maji ya kumwagilia miche.

"Wivine, jua halingojei muntu," Kambo aliita taratibu. "Amka, mwana."

Wivine alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwao ni Kamalondo, mjini Élisabethville, ambako baba yake alifanya kazi ya reli. Likizo ilipoanza, baba alimpandisha kwenye lori lililopeleka chumvi na vitambaa Lukafu, upande wa kijijini kwa bibi, akamwambia akapumue hewa ya milimani. Hewa ilikuwepo tele. Nyuma ya kijiji milima ya Kundelungu ilisimama kama ukuta. Mteremkoni palikuwa na kanisa dogo la matofali, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Kila kilipogongwa Wivine alimkumbuka baba.

Chini ya kanisa, kando ya kijito, wanakijiji walilea miche ya kahawa. Kila mche ulikaa ndani ya kopo tupu la maziwa lililotobolewa chini. Kambo alikuwa na makopo ishirini. Jirani yake, Mama Marceline, naye alikuwa na ishirini, yamepangwa pembeni tu. Mama Marceline alikuwa mjane, tena mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, lakini alikuwa mwepesi wa kucheka. Mwaka huo ndio kwanza alikuwa analima kahawa. Mvua za kwanza zikinyesha miche ingepandwa mteremkoni. Ikifa, ni kungoja mbegu za mwaka mwingine.

Asubuhi hiyo walimwagilia wote watatu kukiwa na giza bado. Mama Marceline alifunika makopo yake kwa kifuniko cha nyasi, kisha akampa Wivine viazi vitamu viwili vya kuchoma, vingali moto.

"Vya mugeni wetu," alisema. "Bantu ba mujini banakula kidogo sana. Kula, usituaibishe."

Wanawake hao wawili walikuwa wanakwenda kufagia kanisa kwa ajili ya sikukuu. Kambo aliacha makopo yake wazi kidogo ili majani yakauke maji.

"Jua likifika juu ya ule mwamba, funika," alimwambia Wivine. "Mwezi huu jua iko kali. Miche hii bado ni mitoto."

"Nitafunika, Kambo."

Hawakuwa wamefika mbali binamu yake Lucien alipotokea mbio, suruali imelowa umande.

"Punda milia!" alisema akihema. "Wameshuka hadi kwenye majani mapya pale juu. Twende."

"Nangojea jua."

"Jua litatoka kesho pia. Weye muntu wa Kamalondo, utarudi kuambia wenzako uliona nini? Makopo?"

Wivine aliutazama mwamba. Jua lilikuwa bado chini yake. Alijiambia kwamba wataenda na kurudi upesi.

Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani, na nzuri kuliko alivyodhani. Walipita katikati ya mibuni mikubwa iliyopandwa chini ya miti ya kivuli, wakapanda mawe, wakatokea kwenye uwanda wa nyasi usio na mwisho. Punda milia kumi na mmoja walikuwa wakila bila haraka. Mtoto wao mmoja alijisugua shingo kwa mama yake. Chini kabisa, kanisa lilionekana dogo kama kiberiti. Walikaa kimya, wakala viazi vya Mama Marceline, na Wivine akasahau mwamba, akasahau na jua.

Aliporudi, Lucien akiwa ameshika njia ya kwao, ilikuwa karibu saa sita. Majani ya miche ya Kambo yalikuwa yamelala, kingo zake za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Pembeni, chini ya kifuniko, miche ya Mama Marceline ilikuwa kijani kibichi.

Wivine aliangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu. Alibeba kopo moja, akalihamisha. Kisha la pili. Kopo lilikuwa sawa na kopo. Alipomaliza, miche mizima ilikuwa upande wa Kambo, iliyoungua ilikuwa upande wa jirani, na vifuniko vyote viwili vilikuwa mahali pake.

Jioni wanawake walirudi. Kambo aliinua kifuniko chake akatabasamu.

"Aksanti, mwana. Umechunga vizuri."

Mama Marceline aliinua cha kwake. Alichuchumaa kwa shida, akagusa jani moja. Lilivunjika.

"Nilifunika," alisema polepole. "Au nilifunika jana, nikadhani ni leo, mtoto akanifunikia jua limeshachoma? Germaine, kichwa changu kimeanza kuniacha."

"Usiseme hivyo, ndugu yangu."

"Ni haraka ya kwenda kanisani. Kosa ni langu." Akamgeukia Wivine. "Weye uko na akili nzuri, mwana. Kesho unikumbushe kufunika, nisisahau tena."

Wivine aliitikia kwa kichwa. Usiku ule alilala bila kugusa ugali.

Ko, ko. Aliamka gizani. Lakini Kambo alikuwa bado amelala pembeni yake. Sauti ilitoka ng'ambo ya uzio. Alisikia kibuyu, halafu hatua: moja nzito, moja ya kuburuta, zikishuka kijitoni. Mama Marceline alikuwa ameamka kabla ya watu wote, na mguu wake ule, kumwagilia maji miche aliyoamini ameiua mwenyewe.

Wivine alitupa blanketi, akamtikisa bibi yake.

"Kambo, twende kitaluni. Kuna neno nataka kulisema, na Mama Marceline alisikie."

Alisema yote akiwa amesimama mbele yao: punda milia, mwamba, makopo. Hakuacha kitu.

Wanawake walitazamana. Kisha Mama Marceline akavuta pumzi ndefu.

"Kumbe kichwa changu kingali kizima," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta fimbo ya uzee."

Hakucheka sana, lakini alicheka. Alikwangua shina la mche mmoja kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na kijani. "Huu unaishi," alisema. Walikwangua yote. Sita ilikuwa imekauka kabisa, kumi na minne ilikuwa hai.

Wivine alirudisha kila kopo kwa mwenyewe, moja moja. Kambo alimngoja amalize, ndipo akamketisha karibu.

"Kuchelewa ni kosa la mutoto," alisema. "Mche ulioungua tunaweza kuumwagilia maji. Lakini muntu anayejilaumu kwa kosa lisilo lake, tutammwagilia nini? Ukiharibu, sema siku ileile. Ukweli unaosemwa mapema unaokoa miche, na unaokoa jirani."

"Ndiyo, Kambo."

Siku zote zilizobaki, Wivine ndiye aliyegonga mtungi wa kwanza alfajiri. Alimchotea Mama Marceline maji, akafunika pande zote mbili kabla jua halijaugusa mwamba. Lucien alipokuja kumwita, alimwambia, "Ngoja kwanza," na Lucien akangoja, hata akashika kibuyu.

Siku ya lori la kurudi mjini, miche kumi na minne ilikuwa imetoa majani mapya, madogo kama kucha za mtoto. Mama Marceline alichechemea hadi barabarani, akampa Wivine viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwenye jani la mgomba.

"Miche yako na yangu itapandwa mvua ikianguka," alisema. "Kahawa ikitoa maua, mulima wote unakuwa mweupe, lakini ni kwa siku chache tu. Sitaki niyaone peke yangu. Ukuje tena kututembelea, mwana."