Nilimwaga Mtungi wa Suluhu

Kosa langu la mwanzo, ndugu wasomaji, ni kuwahubiria watu ambao sikuwa nimewaombea hata mara moja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, sijaoa, nakaa kwa baba yangu huku Machochwe. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha mwenyewe machungani, kwa Agano Jipya lililochanika jalada.

Nilipobatizwa nilitaka kila kitu changu kiwe sawasawa. Nilitunga mahubiri, nikayasema mbele ya ng'ombe, nikayasahihisha, nikayasema tena. Nikikosea neno moja nilianza upya. Niliogopa sana kukosea… Je, niliomba? Nilisema "amina" kwa haraka, nikarudi kwenye maneno yangu.

Dada yangu Bhoke alikuwa ameolewa Nyamwaga, ng'ambo ya Mto Mara. Aligombana na mumewe, Chacha, akarudi kwetu. Binti yake mdogo, Robhi, alibaki kule, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo uliotoa ng'ombe wa mahari. Bhoke alikonda. Lakini katika nyumba yetu yote, yeye peke yake ndiye aliyeanza kuja kanisani. Alikaa karibu na mlango, akasikiliza.

Wazee wakapanga suluhu. Baba mkwe wake, mzee Mwita, alikuja na wenzake. Mama akatengeneza pombe ya ulezi. Desturi ilikuwa nyepesi: baba yangu na mzee Mwita wanywe kwa mirija kutoka mtungi mmoja, na maneno yawe yamekwisha. Kesho yake Bhoke angerudi kwa mtoto wake.

Nami niliona nini? Niliona pombe tu! Niliona wazee wengi wamekaa pamoja, na mimi nina mahubiri yaliyo tayari.

Nilisimama hata kabla hawajagusa mirija. Nikaanza vizuri. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Huyu hata mke hana, anatufundisha kunywa!" Wote wakacheka. Hapo maneno ya katikati yakanitoka kichwani… Nilitafuta, sikuyapata. Wananitazama, wanangoja. Kwa aibu nikaushika ule mtungi nikaupindua. Ukapasuka. Pombe ikaenda hadi miguuni pa mzee Mwita.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga!

Mzee Mwita alichukua kigoda chake. Akamwambia baba, "Nilikuja kuchukua mkwe wangu, nimepewa mahubiri. Yananitosha." Wakaondoka. Kumwagiwa pombe ya suluhu ni kuambiwa kwamba hutakiwi. Baba alituma watu kueleza, wakarudi bila jibu. Kabla ya mvua tukasikia Chacha ameoa mke mwingine.

Bhoke hakunipigia kelele. Siku moja nilikuwa natengeneza ua wa ng'ombe, akaja akasimama.

"Mdogo wangu, ulipokuwa unasema kule machungani, nilikuwa nakusikia. Sauti yako ilikuwa nzuri. Je, Mungu uliwahi kumwambia habari zangu?"

Niliendelea kufunga fito. Alingoja kidogo, kisha akaenda kuchota maji. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani.

Sikulia. Nilikula nilipopewa chakula, nikachunga, nikalala. Nilipojaribu kuomba, mahubiri yalinijia mdomoni, nikanyamaza. Mwishowe niliweza kutaja majina tu. Bhoke. Robhi. Chacha. Mzee Mwita. Basi. Nilifanya hivyo kila asubuhi hadi mavuno yakapita, na siku moja nikajua lazima niende Nyamwaga.

Mzee Mwita alikuwa mbele ya nyumba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, mhubiri. Mitungi tumeificha."

Wake zake wakacheka. Nami nilisema nilichokuja kusema: kwamba nilikosa, kwamba niliwaaibisha wageni wa baba yangu, naomba radhi. Sikuongeza neno. Alinipa ugali, nikala. Robhi alipita mbele yetu akimkimbilia mke mpya wa Chacha, akimwita mama.

Mzee akasema amenisamehe, lakini nyumba ya Bhoke ina mtu. Kisha akaniuliza, "Huyo Mungu wako, siku hizi unamwambia nini?"

"Nataja majina, baba. Na lako."

"Basi litaje," akasema. "Hilo halimwagi pombe ya mtu."

Enyi vijana mnaotaka kuwapa wengine imani yenu, nawasihi msipite njia yangu! Msimwendee mtu kabla hamjamwombea. Ningalimwombea mzee Mwita asubuhi ile, ningalimwona kuwa baba aliyetembea mbali kuja kumchukua binti yetu. Nisingaliona mtungi tu. Na kama ilinipasa kusema, ningalisema kwa upole, au ningalingoja siku nyingine.

Sasa nina miaka ishirini na minne. Bhoke yuko kwetu, ananisalimu vizuri, na kanisani haji. Simbembelezi. Mahubiri situngi tena mbele ya ng'ombe. Ninamwombea mtu kwanza, kwa jina lake, kisha ndipo ninakwenda kwake, na mara nyingi nikifika ninamwacha aseme yeye.