Mwasumini Uliovishwa Buibui

Kila asubuhi Mauza alipanda ngazi hadi juu ya ghorofa lao, Kariakoo. Huko wapangaji walianika nguo, na huko aliweka mwasumini wake ndani ya ndoo kuukuu ya rangi. Mtaani chini, wauza viatu walikwisha kuwasha spika zao. Mauza hakuwasikiliza. Alikuwa akipekua matawi.

"Hata tumba moja!" alimwambia binti yake Nour. "Majani matupu. Na harusi yako ni baada ya Idi."

"Mama, vikuba vinauzwa sokoni."

"Kikuba cha bibi harusi wa kwetu hakinunuliwi. Asumini zinatoka nyumbani, mama mtu anatunga na rehani, anakibana kifuani mwa mwanawe. Hapa kuna mtu anachuma maua yangu."

"Nani?"

Mauza alitupa jicho upande wa pili wa paa. Mwasumini wa jirani yao, Mama Zarna, ulikuwa mweupe kwa maua. Kila siku mama yule alichuma ya kuweka mbele ya miungu yake, na bado mengine akabana kwenye nywele.

"Mti mmoja utoe yote yale? Haingii akilini."

Siku hiyohiyo Mauza alichukua buibui lake la zamani, akaufunika mti wake, akafunga kamba. "Kama si mikono, ni macho," alisema. "Jengo hili lina kijicho."

Tangu hapo, akikutana na Mama Zarna kwenye ngazi, alimkagua nywele kwanza ndipo akaitikia salamu.

Mchana mmoja upepo ulivuma. Mauza alikimbia juu kuanua nguo. Buibui lilikuwa chini, na Mama Zarna amechuchumaa kando ya ndoo.

"Leo nimekukamata!"

"Umenikamata na nini, Mama Nour?" Mama Zarna alifungua kiganja. Kilikuwa na majani ya njano tu. "Nimeokota yaliyoanguka. Mti wako unakufa."

"Na maua yangu?"

"Njoo utazame ncha. Ua likichumwa linaacha kikonyo kilichokatika. Unakiona?"

Mauza alivaa miwani. Alikagua tawi moja, na lingine, na lingine. Hakukiona.

"Sasa buibui la nini?"

"Usionwe."

Mama Zarna alicheka mpaka akashika tangi la maji. "Basi hata jua halikuuona! Shoga, mwasumini unataka jua la kutosha. Tena tazama, ndoo haina matundu. Maji yanatuama, mizizi inaoza. Na matawi haya uliyapunguza lini?"

"Kuukata? Si nitauua?"

"Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Tawi kuukuu linazeeka na majani yake tu."

Mauza aliuzunguka mti. "Kata nusu," alisema mwishowe. "Nusu niachie. Nitaona mwenyewe."

Walitoboa ndoo. Walibadilisha udongo, wakachanganya na samadi iliyooza vizuri. Mama Zarna akapunguza upande mmoja. Nour alipouona mti alicheka: "Kama mtu aliyemkimbia kinyozi!"

Mauza aliuacha juani. Alimwagilia pale tu udongo wa juu ulipokauka. Bado alipanda ngazi kimyakimya, akitaraji kumkuta mtu. Hakumkuta. Alichokuta ni machipukizi, kisha matumba, upande ule uliokatwa. Upande wake yeye haukuwa na kitu.

Jioni ya kuamkia harusi, matumba yalikuwa meupe, bado yamefumba. Huo ndio wakati wa kuchuma, ili yafunguke usiku yakiwa kwenye kikuba. Mauza alimwita Mama Zarna juu, akamkabidhi sinia lenye kitambaa kibichi.

"Chuma wewe," alisema. "Mimi nashuka kutafuta uzi."

Akashuka, akamwacha peke yake na mti.