Namba za Sabuni ya Wiki ya Tatu

Mtaani kwetu hakuna bibi anayeijua simu kama mimi. Naijua rangi yake, naujua uzito wake, na ikilia najua kabisa nani wa kumwita aje kuipokea. Huyo ni mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye mimi humwita Katibu. Kila jioni akirudi shule huvua viatu, hunawa mikono, kisha hukaa kwenye kigoda jikoni na kunisomea habari za kikundi.

Kikundi chetu ni cha watengeneza sabuni. Tuko wanawake kumi na mmoja, kila mmoja mji wake, na hatujawahi kuonana. Hatuna ofisi wala mlango wa kubisha. Lakini sabuni zetu zina jina moja na karatasi moja, na mteja hawezi kujua huu mche umekatwa jikoni kwa nani. Siri yetu ni daftari la kwenye simu. Mtu akigundua jambo, haliingii daftarini mpaka lijaribiwe katika majiko matatu.

Safari hiyo swali lilikuwa moja: sabuni ikishakatwa, lazima ikae rafuni wiki nne ndipo ikauke, au tatu zinatosha? Tulichaguliwa sisi na wenzetu wawili. Kila Jumamosi tupime miche mitano na kutuma uzito wake. Ukiona uzito haupungui tena, basi maji yameisha. Wale wawili wanakaa kwenye jua kali. Sisi kwetu kuna unyevu, hata chumvi hulia kwenye kopo, kwa hiyo namba zetu ndizo zilizosubiriwa kwa hamu.

Katibu alipima, akatuma. Wiki ya tatu na ya nne uzito ulikuwa ule ule. Kikundi kikashangilia, na daftarini kikaandika: wiki tatu zinatosha, popote ulipo.

Mwezi mmoja baadaye simu ilianza kulia mfululizo. Mwenzetu mmoja, Mama Mapacha, anayekaa kwenye unyevu kama sisi, alikuwa amepeleka sabuni kwenye shule ya bweni. Alizifunga zikiwa na wiki tatu kamili, kama daftari lilivyosema. Shule ilizirudisha zote. Zilikuwa zimetoa jasho ndani ya karatasi, laini kama ugali wa moto, na karatasi yenye jina letu imezigandia.

"Umeongeza maji, mama," Mwenyekiti alimwambia kwa ujumbe wa sauti. "Namba za majiko matatu haziwezi kukosea zote."

"Haki ya Mungu sikuongeza hata kijiko," Mama Mapacha alijibu, na nyuma yake tulisikia wale mapacha wakilia. "Niambieni basi nilikosea wapi. Hii ndiyo kazi yangu, sina nyingine."

Hakuna aliyejua. Mmoja alilaumu mafuta, mwingine akalaumu ndoo. Mwisho Mwenyekiti akasema watu wapige kura: anayetaka Mama Mapacha atolewe, aweke dole gumba. Mwisho wa kura ni kesho saa sita mchana.

Nilimwambia Katibu anishikie kitufe cha kurekodi sauti, nikamtetea yule mama mpaka sauti ikakauka. Madole yakaendelea kuja. Mawili, manne, sita. Nilikaa kuyatazama kama mtu anayetazama maziwa yakimwagika huku mikono yake imefungwa. Ningemfuata wapi Mama Mapacha nimshike mkono? Hata sura yake siijui.

"Katibu, mbona huli?"

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba kucha zako mwenyewe?"

Alificha vidole.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi, na madole yalikuwa manane. Nikapata wazo. "Ile miche mitano bado iko rafuni. Lete ile mizani ndogo tuipime tena, tuwatumie picha."

"Haina haja, bibi. Namba si tulishatuma?"

"Lete."

Aliileta akitembea kama anayepeleka mbuzi machinjioni. Nikabonyeza. Kioo hakikuwaka.

"Imeharibika leo," alisema haraka.

"Leo? Na zile Jumamosi zote ilikuwa inawaka?"

"Zote."

Nikaigeuza, nikafungua kifuniko cha nyuma. Mlikuwa mtupu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba betri hazikuwamo tangu baada ya upimaji wa pili.

"Mwanangu, wiki ya tatu uliipima na nini?"

Machozi yakamtoka. "Niliiangusha wiki ya pili, bibi. Wiki ya tatu haikuwaka. Nikajua nimeiua. Nikaogopa, nikapunguza gramu chache, na wiki ya nne nikarudia zile zile."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Sikumpiga wala sikumgombeza. Nilimpa simu. "Sema mwenyewe. Mimi hapa siwezi kukusemea."

Alishika kitufe, akasema yote, hata kwamba betri hazimo. Kisha dole moja likaondolewa, likafuata la pili, na kabla ya saa sita yote yalikuwa yamekwenda. Ule mstari ukafutwa daftarini. Mwenyekiti alimwomba Mama Mapacha radhi mbele ya wote, akamwambia afungue zile karatasi na kuzirudisha sabuni rafuni, naye angezungumza na shule. Jioni shule ikakubali kusubiri.

Ndipo Mwenyekiti akatupigia. "Mjukuu wetu," alisema, "sisi hatuonani. Tunajua jambo kwa sababu mwenzetu amelitazama kwa macho yake, akatuambia kweli. Ungeandika 'mizani haiwaki, sijui', tungeliandika hilo na kusubiri. 'Sijui' ya kweli tunaweza kuifanyia kazi. Namba ya kubuni inampeleka mwenzako shimoni."

"Nimeelewa, mama. Nisameheni."

"Umesamehewa. Na wewe bibi, hizo betri zilipatwa na nini?"

Nikakohoa kidogo. "Aa, zilikwisha zenyewe, mama. Si unazijua betri za siku hizi!"

"Bibi," Katibu alisema kwa sauti safi kabisa, simu ikiwa katikati yetu, "si ziko kwenye redio yako? Nilikuona ukizitia siku ya fainali ya mpira, kumbe ulizitoa kwenye mizani."