Moshi wa Bondeni Unatoka Wapi?

Asubuhi moja ya Desemba, Verna alitoka nyuma ya nyumba kumwaga majivu. Alitazama juu, hakuuona mlima. Palikuwa na kijivu tu, na moshi uliowasha koo.

Ndani, mjukuu wake Tessa alikuwa anakohoa. Tessa ana pumu. Kila majira ya baridi, kifua chake hulia kama mluzi. Mama yake, Jolene, alimpa dawa ya kuvuta. Kisha akasema jambo ambalo Verna alikuwa akiliogopa.

"Mama, akiendelea hivi mpaka mwaka mpya, tunahama. Nimepata kazi pwani. Kule hewa ni safi."

Verna alimtazama mjukuu wake. Nyumba hii bila Tessa?

"Ni yale malori," alisema mumewe, Orrin. "Yanaunguruma pale dukani mchana kutwa."

"Mwaka jana ulisema ni kiwanda cha mbao, baba. Kiwanda kimefungwa. Moshi uko pale pale!"

Orrin aliongeza gogo motoni. Lakini maneno hayo yalimkaa Verna kichwani. Kiwanda kimefungwa, moshi upo. Basi unatoka wapi? Verna akishikwa na swali, hata mkate huungua.

Jumamosi walikwenda mlimani kukata mti wa Krismasi. Jirani yao Ardis, aliyewahi kufanya kazi idara ya misitu, aliwachukua kwa pikapu yake. Kabla ya kutoka, Orrin alijaza magogo kwenye jiko lao la chuma, akafunga kilango cha hewa.

"Moto wangu hulala, haufi," alijisifu. "Nauwasha vuli, unazimika theluji ikiyeyuka."

Njiani, ghafla walitoka kwenye moshi. Jua lilikuwa linawaka! Verna alivua glavu, kisha skafu.

"Ardis, mbona huku juu kuna joto? Mlimani si ndiko kwenye baridi?"

"Siku nyingine, ndiyo. Siku za baridi zisizo na upepo, mambo hugeuka. Hewa baridi ni nzito. Inateremka, inalala bondeni. Hewa yenye joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wetu ukipanda, unagonga kifuniko, unaturudia wenyewe."

"Kwa hiyo hata moshi kidogo hauna pa kwenda?"

"Hauna. Tunaupika, tunaula."

Tessa alikuwa anakimbia kwenye theluji. Hakukohoa hata kidogo. Jolene alimtazama, machozi yakamlengalenga.

"Bibi, njoo uone!" Tessa aliita. Alikuwa anaonyesha chini. Mapaa ya mji yalionekana kwa shida. "Ule moshi mnene ni wa nani?"

Verna alilitafuta kanisa, kisha daraja, kisha mtaa. Moshi mzito ulitoka kwenye paa la kijani, ukawafunika majirani.

"Mungu wangu," alisema. "Ni wa kwetu."

"Haiwezekani," Orrin alisema. Alitazama tena. Paa lilikuwa lao.

"Nyani haoni kundule, Orrin," Ardis alisema. Wote walicheka, isipokuwa Orrin.

"Lakini nimeubana moto vizuri!"

"Kosa ndilo hilo. Moto ukinyimwa hewa hauwaki, unafuka. Nusu ya kuni zako unazitupa hewani. Na ukifungua mlango wa jiko, moshi unaingia nyumbani. Anauvuta nani? Tessa. Halafu kuni zako ulizikata lini?"

"Vuli hii."

"Bado mbichi hizo! Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya vipande vya mbao zisiguse udongo. Funika juu tu, upepo upite ubavuni. Zikae kiangazi kizima, na zaidi. Ukigonganisha mbili zikalia kwa ukali, zimekauka. Zikilia kwa sauti nzito, zirudishe. Kisha washa moto mdogo, wenye hewa ya kutosha. Ukishashika, toka nje utazame bomba. Ukiona moshi mwingi, moto unataka hewa. Na redio ikitangaza kuwa hewa ni mbaya, tumia hita ya umeme."

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha kuubana."

"Baba yako alikuwa na majirani wangapi?"

Orrin alianza kuyahesabu yale mapaa. Waliporudi na mti wao, alifungua kilango cha hewa, akauacha moto wake uwake mpaka ukafa. Ilimuuma. Verna aliona, akamshika bega.

Ardis aliwapa kuni kavu. Orrin aligundua kwamba nyumba ina joto zaidi, na kuni zinatumika kidogo. Basi! Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akifundisha majirani, kana kwamba yeye ndiye aliyeyavumbua hayo yote. Wengine walimkimbia. Wengi walimsikiliza.

Siku zisizo na upepo, kijivu bado kilikuja, lakini chepesi. Na Tessa alianza kulala bila kukohoa. Mwaka mpya ulipoingia, Jolene alipiga simu pwani, akaikataa ile kazi.

"Tunabaki," alisema. Verna alimkumbatia, akalia waziwazi. "Lakini baba, siku ukiubana tena ule moto, nahama. Na mama namchukua!"

Orrin alivaa koti haraka, akatoka nje kutazama bomba.